Birika la Pyuta Sikuliroga

Mpendwa uliyekuwa mume wangu,

Sikuulizi hali, maana habari zako ninazo. Mtoto wetu Neema ameniambia kidole chako kimepona na jiko jipya limeshafungwa. Namshukuru Mungu kwa kidole.

Nakuandikia hadharani, katika jarida letu la jumuiya ambalo kila mtu hudai halisomi, kwa sababu nawe ulisema hadharani. Ulisimama ukumbini baada ya ibada, ukakishika kipaza sauti wakati wa matangazo, baada ya tangazo la msiba na kabla ya lile la gari lililoziba njia, ukawaambia watu kwamba mimi Josefa, mke uliyemwacha, nililiroga birika lako likayeyuka mbele ya wageni. Ukaongeza kwamba mwanamke akinyamaza sana, ujue kuna kitu anachanganya.

Jumapili iliyofuata nilileta pilau kama kawaida. Unalijua pilau langu. Ulilila ukiwa na furaha, ukalila ukiwa umenuna, na hukuwahi kubakiza punje. Siku hiyo sufuria lilirudi nyumbani limejaa. Watu walilipita kama unavyompita mbwa wa jirani usiyejua kama amefungwa. Mama mmoja, ambaye nilimpikia uzazi wake wote, alijipakulia kijiko kimoja kwa haya, kisha akakifukia chini ya kachumbari kama anayezika paka. Birika ningelisamehe. Pilau, hapana.

Basi nitaeleza birika lako lilikufa kwa nini. Nitaeleza polepole, ili hata waliokaa viti vya nyuma wasikie.

Unakumbuka kambini, Kigoma, ulipokuja kunichumbia ukiwa na shati la kuazima? Uliniletea kibatari. Kilikuwa kizuri, na shingo yake ndogo ya utambi, na mkono uliopinda kama sikio la mtoto. Kwenye ubavu wake bado zilisomeka herufi za kopo la mafuta ya msaada. Ulikiweka mikononi mwangu kwa mikono miwili.

"Hii taa nilitengeneza na mikono yangu mwenyewe," ulisema. "Ona hata kidole iko na kidonda."

Kidonda kilikuwapo, hilo sikatai. Lakini ulipogeuka kumsalimia mama yangu, niligeuza kibatari nikatazama chini. Palikuwa na vitobo vitatu vya msumari, vimekaa kama mafiga. Kambi nzima iliijua alama ile. Ilikuwa ya fundi Barnabé, mzee aliyekaa karibu na bomba la maji akigeuza makopo kuwa taa, vikombe na mikebe ya kupimia unga. Nilikirudisha kibatari kilivyokuwa, nikakwambia asante. Msichana aliyependa huona chini ya kitu, halafu akakisimamisha tena. Tangu siku ile, hata hivyo, nina tabia ya kugeuza vitu. Ulikuwa ukinicheka madukani hapa Sydney: "Bibi yangu anatafuta nini matakoni ya sahani?" Nilikuwa natafuta jina la aliyeitengeneza.

Ndiyo tabia iliyonifanya niliangalie vizuri lile birika siku ya kwanza nilipopangiwa, katika kazi yangu ya kutunza wazee, kwenda kumhudumia Bi Lois. Unamkumbuka Bi Lois, kwa sababu ulikuwa ukinipeleka kwa gari na kuningoja nje ukisikiliza mahubiri kwa sauti ya kusumbua mtaa. Alikuwa Mmarekani aliyeletwa Sydney na ndoa, na ndoa ilipokwisha hakurudi kwao. Baada ya kumwogesha na kumvalisha alitaka chai, na chai yake ilikuwa lazima itoke kwenye birika la kijivu lililokaa na ndugu zake wawili: bakuli la sukari na kijagi cha maziwa.

Siku moja mvua ilikutoa kwenye gari, akakukaribisha. Unakumbuka alivyofanya? Alichemsha maji kwenye birika la umeme, akatia majani ndani ya lile la kijivu, akamimina maji juu, akafunika, akangoja mikono ikiwa mapajani. Ulipopewa kikombe ulikishika kama anayeshika kifaranga, ukaninong'oneza: "Hii ni chai ao maji ya kunawa?" Nilibana kicheko hadi machozi yakanitoka. Bi Lois akadhani nina mafua, akanimiminia kingine. Siku ile nilikupenda sana. Nasema kweli, ili ijulikane kwamba ninayeandika haya si mtu asiyewahi kukupenda.

Lakini ulishuhudia. Macho yako yaliona maji yakichemkia kwingine, na birika likikaa mezani, mbali na moto. Watu wa ukumbini walikumbuke hilo.

Baada ya wewe kurudi garini, niliomba ruhusa nikaligeuza. Chini palikuwa na mhuri wa tai mdogo, mabawa yamefutika kwa kusuguliwa na meza za watu waliokwisha kufa, na nusu ya jina. Bi Lois alicheka. "Hakuna mgeni aliyewahi kulipindua," alisema. Kuanzia hapo kila nikimchana nywele alinisimulia kidogo, na yale asiyoyajua niliyafuata mwenyewe maktaba siku zangu za mapumziko, nikisoma kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza.

Si fedha lile. Ni pyuta: bati, likatiwa shaba kidogo na antimoni kidogo ili lisilegee. Mafundi wa kwao Marekani, zamani walipokuwa bado chini ya Waingereza, walibanwa. Vyombo vilivyokamilika viliingia kutoka Uingereza bila taabu, lakini bati ghafi lilitozwa kodi ya kukatisha tamaa, ili wasijitengenezee. Unajua walifanya nini? Walikusanya sahani zilizopasuka na vikombe vilivyobonyea, wakaviyeyusha, wakasubu upya. Mteja alileta chombo kibovu, akaondoka na kizima. Nilipoyasoma hayo niliinua kichwa nikamwona fundi Barnabé waziwazi, ameketi na makopo yake karibu na bomba. Mtu akinyimwa malighafi, takataka ya mwenzake huwa ndiyo mgodi wake.

Kalibu zao, yale maumbo ya kumiminia bati, zilikuwa za shaba nyeusi, nzito, za gharama, hata mtoto akairithi kalibu kama wengine wanavyorithi shamba, na mjane akaweza kuendesha karakana ya marehemu kwa sababu kalibu zimebaki kwake. Birika halikutoka kwenye kalibu moja. Tumbo lilisubiwa nusu mbili, mdomo peke yake, mguu peke yake, kisha vikalehemiwa na kukerezwa hadi mshono usionekane. Shikilia hapo kwenye mguu, mume wa zamani. Mguu wa birika lile ulikuwa mrefu kama wa kikombe cha ushindi, na ndani yake mtupu. Chai haifiki mguuni. Mguuni kuna hewa tu.

Bi Lois alipofariki, binti yake alinitafuta hadi akanipata. Kwa wakati huo sikuwa tena mfanyakazi wao, maana kazini haturuhusiwi kupokea hata ua. Akaniletea vyombo vitatu vimefungwa kwenye taulo. "Mama alisema apewe anayevigeuza," aliniambia. Nililia jikoni, nawe ulinipigapiga mgongoni ukauliza kama ni argent, fedha kwa Kifaransa chako. Nikasema hapana. Ukasema, "Iko argent. Wazungu hawalie mtu juu ya bati." Aliyelia ni mimi, lakini sikukusahihisha.

Halafu ukaondoka. Sitaeleza ulivyoondoka, Neema anasoma jarida hili. Nitasema tu kwamba ulichagua siku nikiwa zamu, na nilipofika nyumbani televisheni ilikuwa imekwenda, na birika limekwenda. Bakuli la sukari na kijagi cha maziwa vilibaki rafuni, kwa sababu hukujua kwamba ni ndugu. Nilikutumia ujumbe wa heshima nikiomba urudishe. Jibu lako bado ninalo kwenye simu: "Birika ni ya nyumba. Kichwa ya nyumba ni mimi." Nyumba yenyewe ulikuwa umeihama, kichwa ukakibeba hadi Penrith, mtaa wa mbali wa Sydney.

 Kisha ukapiga simu mwenyewe.

"Josefa, hii kintu naisugua na waya ya masufuria lakini haiwake."

"Usiisugue kwa waya," nilisema. "Si fedha, ni pyuta. Unalichubua."

Ukacheka kile kicheko chako cha puani. "Weye kazi yako ni kuosha wazee. Argent utaijulia wapi?"

Nilikujibu kwamba ndiyo, naosha wazee, na ndiko nilikolijulia. Lakini ulikuwa umeshakata. Nilikaa na simu mkononi, na nikafanya uamuzi mmoja tu maishani mwangu unaofanana na uchawi. Niliamua kwamba kuanzia siku ile sitakuonya tena jambo lolote. Nikiulizwa nitajibu ukweli. Nisipoulizwa, mdomo wangu una kazi nyingine.

Na ukaniuliza! Hilo ulilisahau pale kwenye kipaza sauti. Ulipiga tena, sauti imejaa sherehe. Wajomba wa Solange, mchumba wako mpya, walikuwa wanakuja kutoka Brisbane kwa mazungumzo ya posa, nawe ulitaka wanywe chai kwenye argent.

"Yule mzee mzungu alikuwa anafanya chai namna gani ndani ya hii birika?"

"Alichemsha maji pembeni," nilisema. "Akatia majani ndani, akamimina maji, akafunika, akangoja."

"Ah! Ile maji ya kunawa! Bakwe wangu ni watu wa Bukavu, Josefa. Chai inachemka. Maziwa, majani, tangawizi, sukari, vyote juu ya moto mpaka vipande vishuke."

Ningeweza kusema neno moja. Neno lilikuja, likakaa ulimini, likaonja utamu wa pale lilipo. Nikalimeza.

"Wewe ndiye kichwa cha nyumba," nilisema.

Haya ndiyo maneno yangu yote. Watakaotaka kuyachunguza kama yana dawa ndani, wayachunguze.

Yaliyofuata nimesimuliwa na Neema, aliyepanda treni hadi kwako kwa adabu ya mtoto, na kurudi chumbani kwake Kensington akiwa bado anacheka. Anasema uliliweka birika kwenye jiko la gesi, ukafungua moto mkubwa, kisha ukasimama mlangoni pa jikoni ukiwahutubia wajomba. "Kwetu chai inatoka ndani ya argent," ulisema. Kifua mbele. Nyuma yako mguu wa birika, ule mtupu, ulianza kung'aa kama uso wa mtu aliyesikia habari mbaya. Bati huyeyuka mapema kuliko hasira yako. Tumbo lilijikinga kwa sababu lilikuwa na maziwa ndani. Mguu haukuwa na kitu cha kujikinga nacho. Ukalegea, birika likainama taratibu, mdomo ukashuka chini kama anayeomba radhi, jambo ambalo kwa miaka yote ya ndoa sikuwahi kuliona nyumbani kwetu. Chai ikamwagika juu ya moto. Tumbo nalo, likiwa tupu sasa, likafuata mguu. Ukalidaka kwa kidole. Mjomba mkubwa alikuwa amekuja na kikombe chake mkononi.

"Mukwe," alisema, "argent ya kwenu inaogopa chai?"

Hapo ndipo ulipohitaji mchawi. Nakuelewa. Mwanaume aliyewaambia wakwe kwamba bati ni fedha ana njia mbili: kusema "nilidanganya," au kusema "nimerogwa." Ya pili haina aibu, na inabebwa na mtu mwingine. Safari hii aliyebeba ni mimi, pamoja na sufuria langu la pilau.

Sasa nikwambie usilolijua. Solange alikuja kwangu.

Alikuja na treni, mchana, na mfuko wa sokoni ameukumbatia kama mtoto mgonjwa. Nilimfungulia mlango, akabaki barazani.

"Dada, siingie," alisema. "Nimekuja kuuliza tu. Ile dawa ni weye ulifanya?"

"Umeleta nini humo?"

Akafungua. Lilikuwa donge lako, kijivu, lenye makunyanzi kama ubongo wa mbuzi, na ndani yake kipande cha mguu bado kina duara. Nililijua lile duara. Nilikuwa nimelifuta vumbi muda mrefu. Nilimwambia aingie, akatazama juu ya kizingiti kwanza, kama kuna kitu kimefungwa pale. Nikachukua sufuria kuukuu, nikakata kipande kidogo cha donge, nikakiweka jikoni moto wa wastani. Tulisimama bega kwa bega. Kipande kikakaa, kikakaa, halafu ghafla kikawa tone linalong'aa na kukimbia chini ya sufuria.

"Umeona?" nilisema. "Nimeroga tena."

Solange alitazama tone, akanitazama mimi, akajishika mdomo. Kicheko kilimtoka kwa pua. "Njo ivi tu?"

"Ndivyo hivyo tu."

"Ye aliniambia iko argent."

"Nawe ukamwamini."

"Na weye pia ulimwamini, dada. Tena ukamzalia."

Nilimpenda kwa hilo. Nikamkaribisha chai, ya kuchemshwa, kwenye sufuria, kama watu. Akaanza kunywa hata kabla sijanywa mimi. Kisha macho yake yakapanda juu ya friji, kwenye kile kibatari nilichokuja nacho kutoka kambini kikiwa kimefungwa ndani ya soksi.

"Ah, hizi!" alisema. "Aliniambia kule kambini alikuwa fundi ya hizi. Kwamba alitengenezea watu wengi."

 Nilikishusha, nikampa, nikamwambia akigeuze. Akaviona vitobo vitatu. Nikamweleza ni vya nani. Alikishika kwa muda mrefu, kisha akakirudisha mezani kikiwa bado kimepinduka. Mimi kwa umri wake nilikisimamisha. Huyu hakukisimamisha. Sijui mnazungumza nini huko Penrith siku hizi, ila nasikia wajomba wameahirisha safari ya kurudi kukamilisha posa.

Donge aliniachia. Na mimi nilifanya walichofanya wale mafundi walionyimwa bati: niliyeyusha kilichoharibika. Birika siwezi, sina kalibu wala sina uongo wa kujifanya ninayo. Lakini kijiko naweza. Zamani huko kwao fundi wa kutembea alipita nyumba kwa nyumba akisubu vijiko vya watu kutoka kwenye vyombo vyao vibovu. Mimi nilinunua mifupa ya ngisi, ile myeupe wanayowapa kasuku, nikaisugua ikalingana, nikakandamiza kijiko katikati, nikachonga mlango wa kumiminia. Nikamimina nikiwa uani, kwenye hewa, na glavu za oveni. Cha kwanza kilitoka na kidonda. Cha pili kilifanana na mguu wa bata. Vilivyofuata ni vijiko, na mfupa umeviachia mistari yake midogo kama mawimbi ya mchangani. Na kabla hujasimama tena kwenye kipaza sauti, donge nililipima kama lina risasi, yale madini yenye sumu, kwa kipimo cha duka la vifaa vya ujenzi. Halina. Ningependa usife, una ya kusikia.

Nilipomwambia Neema ninachokusudia, alinijibu kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba huo ni ukorofi. Nikamwambia ndiyo, mwanangu, na nimeupika mwenyewe.

Basi hii ndiyo karamu yangu. Jumapili baada ya ibada nitakuwa ukumbini na sufuria la chai ya maziwa, tangawizi ya kutosha, na pilau. Mezani kutakuwa na bakuli la sukari na kijagi cha maziwa, wale ndugu uliowaacha. Solange atakuja, kijiko chake ameshakichagua. Chako kipo pia, kimekaa upande wa kulia wa bakuli. Ukija, ukakoroga, ukanywa mbele ya watu wote, utakuwa umesema kwa mdomo wako, bila kipaza sauti, kwamba Josefa si mchawi. Watu watakula pilau langu, nami sitahitaji radhi yako. Usipokuja, kijiko kitabaki pale mezani, na kila atakayepita kuchukua sukari atauliza ni cha nani. Nitawajibu. Unajua kwamba nikiulizwa, husema kweli.

Usiogope kwamba kitayeyuka. Chai haina nguvu hiyo. Ila kabla hujakoroga, kigeuze utazame chini ya mpini. Utakuta jina la aliyekitengeneza, na safari hii anayekupa ndiye aliyekitengeneza.

Aliyekuwa mke wako,
Josefa